Ng'ombe Waliopotelea Kwenye Kompyuta

Meneja Osborn alimpokea Taaka Nabwire mlangoni akiwa ameshapata mwizi, ushahidi na hukumu. Kilichobaki, alisema, ni mtu wa kuandika ripoti.

"Basi ulihitaji karani, si mpelelezi," alisema Taaka akivua kofia ya pikipiki. "Makarani wamejaa pale nje ya posta. Wana hata mashine zao."

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi, tarehe thelathini Aprili, na ofisi ya Ushirika wa Wafugaji wa Mpakani, iliyojibanza nyuma ya duka la mabati huku Busia ya Uganda, ilinuka dawa ya mifugo na chai ya maziwa. Taaka alikuwa na roleksi yake mkononi, chapati na mayai bado moto kwenye gazeti. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliitumikia polisi, mpaka magoti yake yalipokataa gwaride, na tangu hapo alikuwa akipeleleza mambo ya watu kwa kujitegemea. Hakuwahi kuanza kesi na njaa, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Nieleze taratibu," alisema, akauma chapati.

Osborn alieleza haraka haraka. Ushirika huchanja ng'ombe wa wanachama wake dhidi ya homa ya mapafu. Kila ng'ombe anayechanjwa huvishwa hereni ya namba sikioni, na namba hiyo huingizwa kwenye orodha ndani ya kompyuta ya ofisi. Ng'ombe akifika Malaba kuvuka kwenda Kenya, daktari wa mifugo wa mpakani hufungua orodha hiyo. Namba ikiwemo, ng'ombe anapita. Isipokuwemo, ng'ombe anabaki zizini.

"Sasa wamebaki zizini thelathini na wanane," alisema Osborn. "Wana hereni, wamechanjwa, wenye nao wanalia. Kwenye kompyuta hawamo! Kuna mtu amewafuta."

"Nani?"

"Kompyuta inaguswa na mtu mmoja. Maximilla. Nywila ni yake, ufunguo wa ofisi ulikuwa wake mpaka jana nilipomnyang'anya." Osborn alipiga mfuko wa shati, na ufunguo ukalia humo. "Na kaka yake, Lenox, ni dalali wa ng'ombe hapo Malaba. Watu wakikata tamaa anawanunua ng'ombe wao waliokwama kwa bei ya kutupa. Ameshanunua wanne. Dada anafuta, kaka ananunua. Kamati inakaa saa tisa. Ikiisha, Maximilla hana kazi, na nampigia polisi."

"Kesho si sikukuu ya wafanyakazi?"

"Ndiyo."

"Umechagua siku nzuri ya kumwaga unga wa mtu," alisema Taaka. "Niitie huyo mwizi."

*

Maximilla alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na macho yaliyovimba kwa kulia. Kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu kutoka Busia ya Kenya kuja kazini, na leo alikuwa amevuka ingawa kazi yenyewe ilikuwa na pumzi za saa chache tu. Alisimama mbali na kompyuta yake, mikono nyuma.

"Mulembe," alisema Taaka.

"Mulembe, mama."

"Kaa hapo kwenye kiti chako."

"Meneja amesema nisiguse."

"Usiguse. Kaa tu, unieleze unavyofanya kazi, kama unamfundisha mgeni. Mimi kwa kompyuta najua kuwasha na kulaumu."

Tabasamu dogo lilimtoka Maximilla, likarudi ndani. Alieleza. Mchanjaji, mzee Ecodu, huzunguka vijiji vya Molo na Mulanda, upande wa Tororo, na tableti ya ushirika. Kila ng'ombe anapigwa picha, namba inaandikwa, na tarehe tableti inajiandikia yenyewe. Jioni mzee anapopata mtandao hutuma orodha nzima, yenye ng'ombe wote tangu mwanzo, wa zamani na wa siku hiyo. Kompyuta ya Busia huipokea, hushika ile iliyo mpya kuliko zote, na hiyo ndiyo inayoonwa na daktari kule Malaba.

"Zile nyingine inazipeleka wapi? Zilizopitwa?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuuliza."

"Na kazi yako?"

"Kuchapa kadi za ng'ombe, kupiga mhuri, kumpigia simu mzee kama hajatuma."

"Amekuwa akituma?"

"Kila jioni! Nami naona hapa inaandika imepokelewa. Nilipoona imepokelewa nikajua kazi imeisha." Alikunja ncha ya kitambaa chake. "Mama, mimi hata kufuta sijui. Nina watoto watatu shuleni na mama mzee. Nikiandikwa mwizi huku, nani ataniajiri upande wowote wa mpaka?"

Taaka hakumbembeleza. Alimpa nusu ya roleksi iliyobaki, akatoa daftari lake la mistari, akamwomba Osborn mwenyewe afungue orodha na kuishusha hadi mwisho. Mwisho kabisa zilikuwepo namba kumi na moja, zote za ng'ombe wa Mulanda. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

"Hawa kumi na mmoja walichanjwa lini?"

"Ijumaa ya tarehe kumi na saba," alijibu Maximilla bila kusita. "Nakumbuka kwa sababu ya mvua. Mzee alichelewa kutuma."

Taaka aliandika *Ijumaa 17, mvua*, akapigia mstari. Kisha akamuuliza Osborn swali ambalo Osborn hakulipenda.

"Mtu akitaka kuiba ng'ombe kwa kufuta, meneja, si atafuta wachache hapa na pale? Kwa nini huyu afute kila kitu kuanzia siku moja, kama aliyekata mua kwa panga?"

"Labda ni mwizi asiye na akili."

"Hao nawajua, nimewakamata wengi," alisema Taaka. "Wasio na akili huwa hawaji kazini asubuhi."

*

Taaka alifika Malaba kabla ya saa nne. Malori yalikuwa yamejipanga hadi nje ya mji na zizi la kusubiri lilikuwa nyuma yake, ng'ombe wakitafuna nyasi za kununua huku wenye nao wakitafuna maneno. Taaka alipita katikati yao na daftari, akiuliza kila mtu mambo mawili tu: ng'ombe wako alichanjwa siku gani, na yumo orodhani au hayumo. Wapo waliotaka kumweleza mengine. Aliwasikiliza, kisha akarudia yale mawili.

Dalali Lenox alikuwa ameegemea nguzo ya zizi, miwani ya jua usoni, fimbo kwapani. Alipoambiwa mgeni huyu ni nani, aliivua miwani kwa adabu.

"Madam, najua kwa nini umekuja. Lakini hiyo stori ya meneja, zii. Haina miguu."

"Umenunua wanne waliokwama. Kwa bei ya chini."

"Nimenunua, sikatai. Biashara ni biashara. Watu walikuja wenyewe wakaniomba."

"Na dada yako ndiye mwenye orodha."

"Sista ni mtu wa kanisa, madam! Mimi nikimtumia salamu za Jumapili ananijibu na mistari ya Biblia. Atanisaidia kuiba?" Lenox alinyoosha fimbo kuelekea kona ya zizi. "Hebu ona wale mafahali wawili weusi. Ni wangu. Niliwanunua kule Molo wakiwa wazima, nikamwita mzee Ecodu awachanje tarehe ishirini na moja. Wamekwama hapa siku sita. Na hao wanne niliobahatisha, unadhani wamevuka? Wako hapa hapa! Nalisha sita, naangaliwa na wote kama mwizi. Ningekuwa na mpango na sista, si angewaacha wangu orodhani?"

Taaka aliwaendea mafahali wale, akawashika masikio, akasoma namba za hereni, akampigia Osborn simu. Hawamo. Ni kweli walikuwa wamekwama kama wengine.

Alirudi pale kwenye nguzo. "Lenox, wewe ni mjanja, na hao wanne utawarudishia wenyewe kwa bei ile ile uliyonunulia. Lakini mwizi wa kujifungia ndani pamoja na mali aliyoiba sijamwona bado."

"Asante, madam. Nafikiri."

Hapo ndipo zogo lilipozuka langoni. Mwanamke mfupi aliyevaa gomesi ya kijani alikuwa akivutana na watu, kamba ya ng'ombe mkononi. Walimwita Mama Shallon, wa Mulanda. Daktari alikuwa amempitisha sasa hivi bila swali, na wale waliokaa wiki nzima walitaka kujua amempa nini.

"Hongo?" alifoka Mama Shallon. "Hongo ya nini? Mimi sina hata sukari kwa nyumba! Ng'ombe yangu iko na kadi, iko ndani ya kompyuta. Mimi nafanya nini sasa, nairudisha tumboni kwa mama yake?"

"Kadi iko wapi, mama?" aliuliza Taaka.

Kadi ilitolewa kutoka ndani ya gomesi, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na namba, rangi ya ng'ombe na mhuri wa Maximilla umepigwa sawasawa. Taaka alisoma mstari wa chini, akausoma tena, akaanza kucheka taratibu.

"Mama Shallon, ng'ombe wako alichanjwa ile Ijumaa ya mvua?"

"Ndiyo. Mzee Ecodu anakaa kwangu saa tatu nzima, anangoja mvua. Anakunywa chai yangu yote."

"Alikuwa anafanya nini saa tatu?"

"Anaangalia hiyo kitu yake tu. Anagusa gusa, anacheka peke yake."

Taaka alimwonyesha Lenox kadi. Palipoandikwa tarehe ya chanjo palikuwa na 17/04/41. Chanjo ijayo, 17/04/42.

"Arobaini na mbili," alisoma Lenox. "Huyo ng'ombe atakuwa nyanya!"

"Na daktari ametazama namba na mhuri tu. Na aliyepiga mhuri hakusoma." Taaka alifungua daftari. Ng'ombe wote waliochanjwa mpaka ile Ijumaa walikuwa wamepita. Wote wa kuanzia Jumamosi yake walikuwa wamekwama, wa Molo na wa Mulanda, wa maskini na wa dalali, bila upendeleo. "Hakuna binadamu mwenye haki namna hii," alisema. "Hii ni kazi ya mashine."

*

Mzee Ecodu alikuwa Molo, kwenye boma la mwanachama, akimwachilia ndama wa mwisho wa siku hiyo. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, mrefu, suruali ndani ya gambuti, na nyuma yake Mwamba wa Tororo ulikuwa umevaa wingu kichwani.

"Yoga noi, papa," alisalimu Taaka.

"Yoga," alijibu mzee, akafurahi kwamba Msamia amemsalimu kwa Kiteso. Furaha ilimwisha aliposikia habari ya ng'ombe. "Madam, hiyo yote mimi nachanja na mkono yangu hii. Na jioni natuma. Kila siku natuma! Inasema imekwenda."

"Nakuamini. Nionyeshe picha za ng'ombe wa jana."

Ecodu alipangusa mikono, akatoa tableti kwenye mfuko wa nailoni, akafungua picha. Juu kabisa walitokea ng'ombe waliolowa, wamesimama kwenye matope, kumi na mmoja. Mzee aliwasogeza kwa kidole, wakapita mmoja mmoja, ndipo wakatokea ng'ombe wa jana, wakavu, juani.

"Ngoja, papa. Hao waliolowa ni wa lini?"

"Ya Mulanda, ile siku ya mvua. Hiyo kila siku iko juu. Lazima upite hiyo kwanza. Mimi nazoea."

"Picha za wiki mbili zilizopita zinakaa juu ya za jana?"

Taaka alichukua tableti, akabonyeza picha ya kwanza na kutafuta tarehe yake. Tarehe 17 Aprili 2041. Alishuka mpaka picha ya jana. Tarehe 29 Aprili 2026.

"Papa," alisema kwa upole, "ile Ijumaa, wakati wa mvua, ulikuwa unagusa gusa nini?"

Mzee alibonyeza picha ndogo ya jembe iliyojificha pembeni ya kioo. Lilifunguka gemu la shamba: nyumba ya udongo, safu za mahindi, kuku wanaotembea, na katikati yake mti mkubwa wa mvule, matawi yamefunika nusu ya kioo, ndege wamejaa.

"Mahindi yake inangoja saa nane," alisema Ecodu. "Mihogo siku mbili. Mvule inangoja miaka kumi na tano. Rafiki yangu kwa mafunzo ananiambia, ukisogeza tarehe ya tableti, gemu inafikiri wakati imepita. Basi ile siku, mvua haikwishi, mimi nasogeza mwaka."

"Mpaka arobaini na moja."

"Mpaka arobaini na moja." Alifuta kioo kwa kidole gumba. "Madam, usicheke. Mimi nyumbani napanda mvule ya kweli, ile mwaka nafikisha sitini. Kwa wajukuu. Sasa iko hapa tu." Alishika goti. "Mvule haina haraka. Ile mimi sitaiona kubwa, najua. Nikasema, basi nione hii moja."

Taaka hakucheka. Macho yalimchoma, akasingizia vumbi. "Ukaiona?"

"Niliiona! Hata ndege inakuja juu." Uso wa mzee uling'aa, kisha ukafifia. "Alafu mvua inakwisha. Mama Shallon anaita, ng'ombe iko tayari. Mimi nachanja haraka haraka, natuma. Mpaka jioni ndio naona, ah, mwaka bado iko mbele. Nairudisha. Nafikiri imekwisha."

"Kwako iliisha. Kwa kompyuta ya Busia ndiyo ilianza." Taaka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza kama alivyokuwa akijieleza mwenyewe njia nzima. "Ile kompyuta ni kama karani mmoja mkaidi. Ameambiwa ashike barua yenye tarehe ya mbele kuliko zote, nyingine azitupe kando. Ijumaa ulimpelekea barua ya mwaka 2041. Jumamosi ukampelekea ya mwaka 2026. Akaipokea kwa adabu, akaandika imepokelewa, akaitazama tarehe, akasema hii ni ya zamani, kando! Jumapili kando. Jumatatu kando. Hafuti mtu wala hamwibii mtu. Anangoja tu tarehe 17 Aprili 2041 ipite ndipo akusikilize tena."

Ecodu alishika kichwa. "Na Maximilla?"

"Maximilla anafukuzwa saa tisa kwa wizi."

Mzee alichukua koti lake kwenye ua, akaweka sanduku la barafu lenye dawa mabegani, akapanda nyuma ya pikipiki kabla mwenyewe hajaiwasha.

*

Waliingia Busia saa tisa na dakika tano, wote wawili wekundu kwa vumbi. Kamati ilikuwa imeshakaa: wanaume wawili, mwanamke mmoja, na mwenyekiti, mzee Erastus, ambaye aliendesha vikao kwa kugonga meza na kikombe. Maximilla alikuwa kwenye benchi ukutani, mkoba mapajani kama mtu anayengoja gari. Osborn alikuwa akisoma barua ya kumfukuza. Alikuwa amefika aya ya pili.

"Imeandikwa vizuri," alisema Taaka kutoka mlangoni. "Kabla hujamaliza, mwenyekiti, naomba dakika kumi na kompyuta."

Kikombe kiligongwa. Akaruhusiwa.

"Mimi siigusi," alisema Taaka. "Maximilla haigusi. Meneja ndiye atakayeigusa, asije mtu akasema tumechezea. Meneja, fungua mahali kompyuta inapoweka orodha zinazotoka Molo. Si hiyo ya juu. Rudi nyuma kidogo."

Osborn alibonyeza, akatafuta, akakosea, akarudi. Kulikuwa na makabrasha mawili. Moja liliitwa Ya Sasa. Ndani yake kulikuwa na faili moja tu.

"Tusomee tarehe yake."

"Kumi na saba Aprili," alisoma Osborn, "elfu mbili na arob..." Akasogea karibu na kioo. "Hii ni nini?"

"Fungua kabrasha la pili. Linaitwaje?"

"Zilizopitwa."

Lilifunguka, na faili zikajaa kioo chote. Zile za miezi ya nyuma zilikuwa mahali pake. Lakini juu yake zilikuwepo nyingine kumi na mbili, moja kwa kila jioni, kuanzia Jumamosi ya tarehe kumi na nane mpaka jana. Hakuna iliyopungua. Maximilla alikuwa amesimama bila kujua.

"Ni zote," alinong'ona. "Ni zote zile zilizoandikwa zimepokelewa."

"Sasa hamisha ile ya mwaka 2041, iweke kwenye fleshi, tuitunze kama ushahidi. Rudisha ya jana pale kwenye Ya Sasa. Kisha bonyeza Soma Upya."

Osborn alibonyeza. Kompyuta ilifikiri kwa muda ambao mzee Erastus alisahau kugonga kikombe. Kisha orodha ikaanza kushuka, namba juu ya namba, Molo, Mulanda, Molo, Molo. Taaka aliinua simu aliyokuwa ameshaipiga na kuiacha wazi.

"Lenox, daktari anaona nini huko?"

Sauti ya Lenox ilisikika ofisi nzima. "Madam, wametokea! Wote! Hata mafahali wangu! Watu hapa wanamkumbatia daktari, na yeye hataki kukumbatiwa!"

Maximilla alikaa chini ghafla, akafunika uso. Mwanamke wa kamati alimwendea na kumshika. Ndipo Ecodu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sanduku lake, alipovua kofia.

"Mwenyekiti, hii makosa ni yangu," alisema. "Mimi nacheza gemu na tableti ya ushirika. Nasogeza mwaka, niangalie mti. Huyu mtoto wa watu hana kosa. Mkitaka kufukuza, mimi niko hapa."

"Mti?" aliuliza Erastus.

Taaka aliwaeleza habari ya mvule, kwa maneno machache. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wanaume wale aliomba kuuona, na tableti ikazunguka meza nzima, kila mtu akiinama juu ya ule mti na ndege wake, mpaka mwenyekiti alipokumbuka kikombe.

"Hakuna wa kufukuzwa," aliamua. "Gemu, mzee ataliweka kwenye simu yake mwenyewe. Aliyetutengenezea hii programu ataitwa, aifundishe kukataa tarehe ambayo bado haijafika. Na kadi za wale kumi na mmoja zichapwe upya." Kisha akamgeukia Osborn, na uso wake ukabadilika. "Wewe, meneja, ulimwita mwanamke mwizi mbele ya watu. Ufunguo wake unao mfukoni. Hapa kwetu haurudishwi kwa mkono mtupu. Unajua kinachotakiwa."

Osborn alijua. Alitoka nje. Walimwona dirishani akimsimamisha mtu wa baiskeli aliyebeba kuku kwenye tenga, akichagua, akikataliwa, akichagua tena. Alirudi na tembe mwekundu wa kuku, mnene, kwapani, ufunguo umefungwa mguuni kwa uzi.

"Maximilla," alisema, na jasho likamtoka kuliko alipokuwa akisoma barua. "Niliharakisha kukuhukumu. Nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa. Nisamehe."

Maximilla alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Alifungua uzi, akachukua ufunguo, akaupangusa. Kuku hakumpokea. Alimtazama mguu mmoja, akamtazama mwingine.

"Huyu amechanjwa?"

"Eh?"

"Meneja, mimi jioni navuka mpaka. Nivuke na mnyama asiye na kadi, kesho uniandikie barua nyingine?"

Ofisi nzima iliangua kicheko, Ecodu kwa sauti kuliko wote, na alikuwa ameshafungua sanduku la barafu, akitafuta chupa ndogo ya chanjo ya kideri ya kuku. Tone moja likaingia jichoni mwa kuku. Maximilla aliketi kwenye kiti chake, akavuta kibodi karibu, akachapa kadi. Ilipotoka, mkono wake ulikwenda kwenye mhuri kama ulivyozoea, ukaishia hewani.

"Tarehe thelathini," alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Mwezi wa nne. Mwaka elfu mbili ishirini na sita."

Akaisoma tena tangu mwanzo, ndipo akapiga mhuri.